Kuandika Muziki kwa Malipo Nairobi: Kazi ya Mhakiki wa Kujitegemea

Nairobi haina upungufu wa maoni kuhusu muziki. Panda matatu ya Rongai au Umoja, utayasikia kabla hujafika steji. Anachokosa mhariri ni mtu wa kumwambia nani alipiga besi, wimbo ulirekodiwa wapi, maneno ya Kijaluo katika ubeti wa pili yana maana gani, na kwa nini kiitikio kinachosha kikirudi mara ya nne. Kinacholipiwa ni sikio lililozoezwa pamoja na taarifa iliyothibitishwa. Kumbukumbu za muziki wa mji huu zimetawanyika, nyingi zimo vichwani mwa wazee tu, kwa hiyo anayethibitisha hupata kazi hata kama sentensi zake si tamu kuliko za wenzake.

Chagua uwanja

Anza na maeneo mawili, si kumi. Moja liwe la zamani na lingine la sasa. La zamani laweza kuwa benga, muziki wa gita ulioanzia kwa Wajaluo, ile iliyotoka studio na maduka ya River Road, au muziki wa bendi zilizotoka Kongo na Tanzania zikapiga kambi Nairobi miaka ya 1970, kama Les Mangelepa, Super Mazembe na Simba Wanyika. La sasa laweza kuwa hip hop ya Eastlands, gengetone, yaani rap ya vijana wa mitaani iliyolipuka mwaka 2018, arbantone iliyokuja nyuma yake, au muziki wa elektroniki.

Ukishika yote mawili, la sasa litakupa kitu cha kuandika kila wiki, nalo la zamani litakupa kina. Arbantone, kwa mfano, huchota sana vibao vya miaka ya 2000. Asiyejua watayarishaji Ogopa DJs na Calif Records walikuwa wakitengeneza nini wakati ule atausifu mdundo kwa upya wake, kumbe umechotwa kwenye wimbo ambao mama yake aliucheza.

Kabla ya kumwandikia mhariri yeyote, jipe miezi mitatu ya mazoezi: kila wiki uhakiki mmoja wa maneno 400, bila kuchapisha. Utakuwa na kama 12. Chagua tatu zilizo bora, zipige msasa, ziweke mtandaoni mahali panapofunguka kwa simu bila kuomba nywila. Hizo ndizo sampuli zako, na tatu zinatosha.

Daftari la kusikiliza

Hiki ndicho chombo kikuu cha kazi, na wengi hukiruka. Albamu isikilizwe mara tatu kwa uchache, kila mara kwa njia yake. Mara ya kwanza tumia spika, mwanzo hadi mwisho, bila kuandika na bila kuruka wimbo. Mara ya pili vaa hedifoni za waya, kwa sababu Bluetooth hukandamiza sauti, na uandike kila jambo kwa dakika na sekunde yake. Mara ya tatu sikiliza kwa spika ya simu yenyewe. Spika hiyo ndogo haiwezi kutoa besi ya chini kabisa. Wimbo ukiporomoka besi ilipotoweka, umejua ulikuwa umesimama juu ya nini. Ukiweza, usikilize pia ndani ya matatu yenye mziki mkubwa, ambako tatizo huwa la upande wa pili, besi kumeza maneno. Nyimbo nyingi za Nairobi hukutana na wasikilizaji wake katika hali hizo mbili, kwa hiyo uhakiki uliofanywa chumbani peke yake haujakamilika.

Albamu ya dakika 40 itakula saa mbili kabla hujaandika neno. Ongeza saa moja na zaidi ya kurudia albamu mbili za nyuma za msanii yuleyule. Usiikate saa hiyo. Bila ya kulinganisha huwezi kusema kama amepiga hatua au anajirudia.

Ukurasa wa daftari hauhitaji urembo. Tuseme umechukua santuri ya benga ya inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika, mfano wa zile ambazo bado unaweza kuzipata Kenyatta Market. Upande mmoja hubeba kama dakika nne, ndiyo maana nyimbo nyingi zilikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B. Unaandika hivi:

0:00 gita la solo peke yake, mzunguko mmoja.
0:06 besi inaingia, iko mbele kuliko ngoma.
0:20 sauti mbili, moja juu ya nyingine. Solo linajibu mwisho wa kila mstari.
1:45 anataja majina ya watu, sita. Ni akina nani? Uliza.
3:30 sauti inazimwa polepole, gita halijachemka bado.
Upande B, 0:00 gita limechemka tayari. Hakuna kuimba mpaka 1:10.

Sasa una la kusema. Aliyesikiliza upande A pekee ataandika kwamba wimbo ni mtulivu na hauna kilele. Kilele kiko nyuma ya santuri. Na yale majina sita si ya kupita tu. Kwa Wajaluo kusifu na kujisifu kwa majina, pakruok, ni sanaa kamili, na mwimbaji wa benga anapotaja mtu huenda anamshukuru mfadhili, anamtania rafiki au anamkumbuka marehemu. Mhakiki akiyaita hayo maneno ya kujaza nafasi, msomaji wa Kisumu hatarudi kwake, na atakuwa na haki.

Kuhusu faili: mwombe msanii au meneja WAV ya biti 16 na 44.1 kHz, au MP3 ya 320 kbps. WAV hiyo hula takriban MB 10 kwa dakika, yaani albamu ya dakika 40 ni kama MB 400, kwa hiyo ipakue penye Wi-Fi usije ukamaliza bando. Usihakiki kwa kipande cha TikTok wala kwa rekodi iliyotumwa kama ujumbe wa sauti.

Majina, majina, majina

Hakuna kosa linaloangusha mhakiki upesi kama jina. Chukua Joseph Kamaru. Yuko mwanamuziki mkubwa wa Kikuyu, aliyezaliwa 1939 na kufariki 2018, na yuko mjukuu wake mwenye jina hilohilo, anayetengeneza muziki wa elektroniki kwa jina la KMRU. Kwa mila ya Wakikuyu mtoto hurithi jina la babu, kwa hiyo si bahati nasibu, na huduma za muziki mtandaoni hazijui mila hiyo. Asiyekagua atampa babu sifa ya albamu iliyotoka akiwa amekwisha kufa.

Kwa nyimbo za zamani, shaka iwe kubwa zaidi. "Malaika" umeimbwa duniani kote, jina la Fadhili William ndilo linalotajwa zaidi kama mtunzi, na lipo dai la muda mrefu kwamba mtunzi ni Adam Salim wa Tanzania. Katika hali kama hiyo andika mambo yote mawili. Usichague upande kwa sababu sentensi inakuwa fupi.

Unapokuwa na santuri mkononi, piga picha lebo za pande zote mbili kabla ya kuirudisha kwenye ganda. Nakili jina la bendi, jina lililo ndani ya mabano, namba ya santuri, na namba iliyochorwa kwenye plastiki karibu na lebo. Jina la mabano laweza kuwa la mtunzi halisi, laweza kuwa la kiongozi wa bendi, kwa hiyo ni mwanzo wa kuuliza. Kwa magazeti ya zamani nenda Maktaba ya McMillan, ambayo ilifunguliwa 1931, au Hifadhi ya Taifa pale Moi Avenue. Beba penseli, chaji ya ziada na tarehe kamili unazotafuta. Ukienda na "miaka ya sabini" utatoka jioni mikono mitupu.

Kwa nyimbo mpya, mpigie prodyuza. Usimwulize "Wimbo ni wa nani?", kwani swali hilo lina majibu matatu. Uliza nani alitunga maneno na muziki, nani aligharamia rekodi, na nani waliimba na kupiga ala. Vyama vya Kenya vya kukusanya mirabaha vimefuata mgawanyo huohuo kwa miaka mingi: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wenye rekodi, PRISK kwa waimbaji na wapigaji. Ukiuliza kwa mpangilio huo prodyuza atajua unaijua kazi, na mara nyingi atakutajia mpiga gita ambaye hakuna aliyemtaja popote. Mwombe akuandikie majina kwa ujumbe. Herufi za kusikia kwa simu hudanganya.

Wazee wa bendi wanahitaji mwendo mwingine. Mwite Mzee, mwulize hali na jamaa, na uende mchana. Usianze na tarehe, kwani mtu akiulizwa "ilikuwa mwaka gani?" hubahatisha ili asikuangushe. Weka wimbo wake mwenyewe kwenye spika ndogo, mwache asikilize mpaka mwisho, kisha uliza: "Huyu anayepiga hapa ni nani?" Kumbukumbu hufuata sauti. Tarehe utazikagua baadaye kwenye lebo na magazeti. Rekodi kwa vifaa viwili, kimoja kisiwe mbali na mdomo wake kwa zaidi ya sentimita 30, na uombe ruhusa huku kinarekodi. Andika mazungumzo yote ndani ya saa 24, wakati bado unakumbuka alicheka wapi.

Lugha usiyoijua itafsiriwe na watu wawili ambao hawajazungumza wao kwa wao. Wakikubaliana, endelea. Wakitofautiana, hapo ndipo penye fumbo, na pengine ndiyo aya bora ya makala yako. Sheng nayo ni hivyohivyo. Neno la Dandora laweza kubeba maana nyingine Kibera, na huchakaa haraka. Mwulize kijana wa mtaa wa msanii, usitegemee orodha za mtandaoni.

Na jiepushe na "wa kwanza". Wa kwanza kurap kwa Kiswahili, bendi ya kwanza kufanya hivi, albamu ya kwanza ya namna hii: kila mara atatokea mtu mwenye kaseti ya miaka miwili nyuma. Andika "miongoni mwa waliotangulia" na ulale usingizi.

Usiku wa tamasha

Mwandikie mwandalizi siku 7 hadi 10 kabla. Mistari minne yatosha: jina lako, unaandikia nani, makala itatoka lini, unahitaji tiketi ngapi. Omba moja. Kitambulisho cha uanahabari kutoka Baraza la Vyombo vya Habari hurahisisha mlangoni, hasa kumbi kubwa na hafla za serikali. Hutolewa upya kila mwaka, kwa hiyo usingoje msimu wa Desemba ndipo uombe. Kwenye Alliance Française, Kenya National Theatre au klabu za Westlands, barua pepe ya mwandalizi kwa kawaida inatosha.

Saa ya kwenye bango isikuhadae. Kwenye kumbi za taasisi za utamaduni shoo huanza karibu na saa iliyotangazwa, na ukichelewa umekosa. Kwenye klabu na viwanja, msanii mkuu anaweza kupanda baada ya saa sita usiku. Mpigie fundi wa mitambo ya sauti au mtu wa jukwaani mchana uulize nani anapanda saa ngapi. Wao ndio wanaojua. Panga usafiri wa kurudi kabla ya kutoka nyumbani, uhesabu nauli ya usiku ndani ya malipo ya makala, na usibaki na simu iliyo chini ya asilimia 30.

Linda masikio. Kwa viwango vinavyotumika kazini, sauti ya desibeli 85 inavumilika kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hukatwa nusu; ikifika 100, ambayo ni kawaida mbele ya spika za klabu, umebakiwa na dakika 15. Vizibo vya masikio vya wanamuziki hupunguza sauti bila kuifanya nzito. Vya sifongo vinavyouzwa famasi hukata zaidi sauti za juu, matoazi hufifia, lakini ni bora kuliko kwenda bila. Mlio unaobaki masikioni asubuhi ni ishara ya madhara, na yakishakuwa ya kudumu hayarudi nyuma.

Simama karibu na meza ya mitambo, kwani fundi anapanga sauti kwa ajili ya mahali alipo yeye. Sikiliza hapo sehemu kubwa ya shoo, kisha nenda nyuma kabisa kwa wimbo mmoja na ubavuni kwa mwingine. Sauti ikiwa safi mezani na uji huko nyuma, tatizo ni ukumbi au spika, na si halali kumlaumu mwimbaji. Andika orodha ya nyimbo kwa mpangilio. Usiojua jina lake, andika maneno manne ya kwanza. Hesabu walioko jukwaani na ala zao.

Pleibeki inatambulika. Ondoa macho kwenye mikono ya shabiki, tazama maikrofoni: ikiondoka mdomoni na sauti isibadilike, anaimba juu ya rekodi. Ukisikia sauti mbili za mtu mmoja na mwitikiaji hayupo, vivyo hivyo. Lakini tofautisha anayeegemea rekodi kwenye kiitikio tu, jambo la kawaida kwa marapa, na aliyeweka wimbo mzima akawa anacheza. Msomaji alilipa tiketi, ana haki ya kujua ni kipi kati ya hivyo viwili.

Kukaa na kuandika

Uhakiki wa maneno 700 uanze na kitu kilichosikika, ndani ya maneno 80 ya kwanza. Wasifu wa msanii, alizaliwa wapi na amepata tuzo gani, ungoje. Hukumu yako itokee kabla ya katikati, isifichwe mwishoni kama siri.

Sentensi mbovu zaidi katika kazi hii ni "Sauti yake ni tamu na inagusa moyo." Haina kosa la sarufi, ila inaweza kubandikwa kwa mwimbaji yeyote aliyewahi kuishi. Rudi kwenye daftari: "Katika beti anaimba chini kabisa, karibu anong'one, kiitikio kinampandisha mpaka sauti inakaribia kupasuka, na haipasuki." Kipimo ni rahisi. Badilisha jina la msanii. Sentensi ikiendelea kuwa kweli, ifute.

Kasoro nayo itajwe pamoja na chanzo chake. "Wimbo wa tano unachosha" ni malalamiko. Je, ni utunzi, kiitikio kilekile mara sita bila nyongeza? Ni uchanganyaji wa sauti, maneno yamezikwa chini ya sinthesaiza? Au ni mpangilio, nyimbo tatu za mwendo mmoja zimefuatana? Msanii anaweza kurekebisha kila kimoja kati ya hivyo. Uhakiki mkali wenye chanzo humfaa kuliko sifa zisizo na sababu, na wengi huja kukiri hivyo baada ya hasira kupoa.

Taarifa ya meneja usiinakili hata sentensi moja. Waandishi wengine watano wameipata. Wala idadi ya watazamaji wa YouTube isiwe hoja. Inaeleza ulikofika wimbo, haielezi ulivyo.

Kumwandikia mhariri

Soma makala tano za karibuni za pale unapotaka kuandika kabla ya kutuma chochote. Taifa Leo inataka Kiswahili na msomaji wa kila siku. The EastAfrican ina msomaji wa kanda nzima. The Elephant hutaka hoja ndefu. Songlines au Bandcamp Daily za nje zinahitaji uwaeleze wasomaji mambo ambayo Nairobi hayahitaji maelezo. Pendekezo moja halifai wote.

Lisizidi maneno 150:

"PENDEKEZO: Majina yanayotajwa ndani ya benga

Habari za asubuhi Mhariri. Mwimbaji wa benga hukatiza wimbo akataja watu kwa majina. Wengine ni wafadhili, wengine marafiki, wengine marehemu. Napendekeza makala ya maneno 1,200 inayofuata majina katika santuri moja: walikuwa nani, na kwa nini walitajwa. Nimeshakubaliana na mpiga gita aliyekuwepo siku ya kurekodi, na nina picha za lebo. Nazungumza Kijaluo. Naweza kuwasilisha ndani ya wiki tatu. Sampuli zangu tatu ni hizi."

Angalia kilichomo: habari, urefu, chanzo kilichokubali tayari, sababu ya kukupa wewe kazi, na makataa. Mapendekezo mengi hufeli kwa kutaja mada bila makala, kwa mfano "ningependa kuandika kuhusu gengetone". Ngoja siku saba, kumbusha mara moja kwa sentensi mbili, ngoja siku nne nyingine, kisha peleka kwingine. Usipeleke pendekezo lilelile kwa wawili kwa wakati mmoja bila kuwaambia. Wahariri wa mji huu wanafahamiana.

Wakati nao ni kitu cha kupanga. Albamu nyingi hutoka Ijumaa, kwa hiyo gazeti la kila siku litataka nakala mapema wiki hiyo, na jarida la kila mwezi lilitaka pendekezo miezi miwili au mitatu nyuma.

Malipo na haki

Kabla ya kuandika neno la kwanza, pata kwa maandishi majibu ya haya: maneno mangapi, makataa lini, malipo kiasi gani na kwa sarafu gani, yanalipwa lini, na haki ni za nani. Ujumbe wa WhatsApp ni bora kuliko maneno ya simu. Barua pepe ni bora zaidi. Jihadhari na "tunalipa baada ya kuchapisha". Makala ikikaa miezi minne kwenye droo, wewe ndiye uliyemkopesha mchapishaji. Omba kulipwa ndani ya siku 30 tangu kuwasilisha, na sehemu ya malipo, tuseme robo au nusu, ikiwa wataifuta kwa sababu isiyo yako.

Kuhusu haki, Kenya ina kifungu ambacho kila mwandishi wa kujitegemea anapaswa kukijua kwa moyo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukinyamaza, makala si yako tena. Huwezi kuiuza tena, kuitafsiri wala kuiweka kitabuni bila ruhusa. Dawa ni sentensi moja kwenye barua ya kukubali kazi: "Hakimiliki inabaki kwa mwandishi; mchapishaji anapata haki ya kuchapisha kwanza na kuiweka mtandaoni." Mhariri akijibu "sawa", umejilinda. Akikataa, malipo yapande, kwa sababu sasa anabeba ng'ombe, si maziwa.

Hesabu kwa saa, usihesabu kwa maneno. Tuseme umepewa shilingi 12,000 kwa uhakiki wa maneno 700. Kusikiliza saa tatu na nusu, simu na ukaguzi wa majina saa mbili, kuandika saa nne, marekebisho saa moja: jumla 10 na nusu. Toa bando na nauli, 1,500. Umebakiwa na kama shilingi 1,000 kwa saa. Tamasha la usiku kwa malipo yaleyale hushuka chini ya hapo, kwa hiyo lidai zaidi. Fanya hesabu hii kwa kila kazi ya miezi sita ya kwanza, uandike, na uache wateja wawili walio chini kabisa.

Uhakiki peke yake haulipi kodi ya nyumba. Wanaodumu huchanganya: maelezo ya ndani ya santuri zinazotolewa upya, vijitabu vya matamasha, utafiti wa filamu za hali halisi, kutafsiri maneno ya nyimbo, mahojiano marefu kwa majarida ya nje. Desemba hujaa kazi na Januari hukauka, hivyo ankara za Novemba zifukuzie kabla ofisi hazijafunga.

Utahitaji PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na kampuni nyingi zitadai ankara ya eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki. Malipo ya kitaalamu huweza kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Dai cheti chake, kwani hupunguza kodi yako mwishoni. Ripoti ya mwaka hupelekwa ifikapo tarehe 30 Juni, hata kama hukupata kitu, na kuchelewa humgharimu mtu binafsi shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ipi kubwa. Malipo ya dola yanaweza kutoka PayPal hadi M-Pesa, ila linganisha kiasi kitakachofika kwenye simu na kile cha kupitia benki, kwa sababu makato na kiwango cha kubadilisha hula pande mbili.

Bahasha

Itakuja, na itakuja na jina zuri: nauli, chai, shukrani. Kwenye mikutano ya uzinduzi hugawiwa bila aibu. Usiipokee. Mhakiki mwenye bei ana maoni ya aliyemlipa, na mji wa muziki ni mdogo, utajulikana ndani ya wiki. Tiketi ya wanahabari na nakala ya albamu zinakubalika kwa sababu bila hizo kazi haifanyiki. Chakula, hoteli na safari mwambie mhariri wako, yaandikwe chini ya makala.

Mtego mkubwa zaidi ni halali kabisa. Wasanii hulipa vizuri kuandikiwa wasifu na taarifa, na ni kazi safi. Tatizo ni kuhakiki mtu uliyemwandikia. Weka orodha ya majina na tarehe, na usimhakiki yeyote aliye humo kwa miezi 12. Mhariri akikuomba umhakiki, mwambie na umpendekeze mwenzako.

Sheria

Kunukuu mistari ya wimbo kwa ajili ya uhakiki kunaruhusiwa, mradi umtaje mwenyewe na usichukue zaidi ya unachohitaji. Mistari miwili au mitatu unayoichambua inatetewa. Wimbo mzima hautetewi. Picha ni jambo lingine: iliyo mtandaoni si ya bure, iombe kwa mpiga picha.

Mahakama Kuu ilifuta kashfa kama kosa la jinai mwaka 2017, lakini madai ya kawaida ya kashfa yapo na mtu ana miezi 12 ya kufungua kesi. Kinga yako ni kukaa kwenye kazi. "Alitoka kwenye sauti katika nyimbo tatu za mwisho" ni hukumu ya mhakiki, na una daftari. "Alikuwa amelewa" ni dai kuhusu jambo lililotokea, na utatakiwa kulithibitisha. Hifadhi daftari na rekodi za mahojiano kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuchapishwa.

Nakala

Tovuti hufa bila kuaga, na makala zako hufa nazo. Siku makala inapotoka, ihifadhi kama PDF yenye tarehe na anwani ya ukurasa, pamoja na nakala uliyoiwasilisha kabla ya kuhaririwa. Kwa kila makala weka folda moja: mkataba, ankara, sauti za mahojiano, picha za lebo, majina na nani aliyeyathibitisha. Weka nakala ya pili kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, na ya tatu mtandaoni. Mtayarishaji wa filamu au lebo ya nje akikupigia miaka minane baadaye akiuliza nani alipiga besi kwenye santuri fulani, utaifungua folda na kumpa jibu pamoja na bei.